Sikio la Mzazi na Daftari la Mtoto

Kila muhula mpya wa masomo unapoanza, wazazi wengi hufungua madaftari ya watoto wao ya muhula uliopita. Hukuta kurasa zilizojaa wino mwekundu, wakaguna, wakayafunga. Baba husema mtoto ni mvivu. Mama husema mwalimu hafundishi. Mtoto mwenyewe husimama pembeni, hasemi neno. Katika maoni yetu ya leo tutalizungumzia jambo hili la mtoto wa shule ya msingi ambaye kuandika kumemshinda, na hasa sehemu ya mzazi katika kumsaidia anapokuwa nyumbani.

Kwanza yafaa tumtendee haki mwalimu. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanzishwa hapa Uganda mwaka 1997, idadi ya watoto katika shule za msingi ilipanda kutoka wapatao milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja tu. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 100, na wengine tulikaa chini, madaftari magotini. Sasa na tufanye hesabu ndogo. Mwalimu akitaka kuisoma insha ya kila mtoto kwa dakika 3 tu, watoto 100 watamchukua dakika 300, yaani saa 5 kamili, na hiyo ni insha moja ya darasa moja. Kwa hiyo mwalimu hufanya analoliweza: huweka alama ya vema, hutia sahihi na tarehe, kisha hushika daftari jingine. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Lakini alama ya vema haimfundishi mtu kuandika. Mtoto hujifunza kuandika pale anapompata mtu anayetaka hasa kujua alichokiandika.

Pigo la pili lilikuja mwezi wa Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, muda ambao ulitajwa kuwa mrefu kuliko wote duniani. Mtoto aliyekuwa katika darasa la kwanza, akijifunza kushika penseli, alikaa nyumbani karibu miaka 2, kisha akarudi na kupandishwa kwenye darasa la juu huku vidole vimekwisha sahau. Watoto wa kundi hilo hivi leo wamo katika madarasa ya mwisho ya shule ya msingi, au wamekwisha maliza. Wengi wao huweza kuzungumza vizuri sana, lakini wakipewa karatasi husinyaa.

Mzazi akiambiwa haya, jibu lake hujulikana mapema. ‘Mimi sikusoma. Kiingereza sikijui. Nitamsaidiaje?’

Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kudharauliwa. Kwa mujibu wa utaratibu wa masomo ulioanza mwaka 2007, watoto wa madarasa matatu ya kwanza hufundishwa kwa lugha ya mahali wanapokaa, darasa la nne huwa la kuvuka, na kuanzia darasa la tano masomo yote huwa kwa Kiingereza. Mijini, ambako makabila yamechanganyika, Kiingereza huanza tangu mwanzo. Wenzetu wa Tanzania walichagua Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 1967. Kwa hiyo mzazi wa Mwanza, hata kama aliishia darasa la nne, anaweza kuishika insha ya mwanawe na kuisoma. Mzazi wa Masaka, ng’ambo ya pili ya ziwa hilo hilo, hana bahati hiyo. Mwanawe akifika darasa la tano, daftari humfungia mlango.

Hata hivyo nathubutu kusema kwamba mtu aliyenifundisha kuandika hakujua kusoma.

Ilikuwa yapata mwaka 1999, mjini Busia, nami nilikuwa na umri wa miaka 9. Jirani yetu alikuwa mke wa askari, na mumewe alikuwa vitani kaskazini ya nchi. Mama huyo hakujua herufi hata moja. Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa umeanza kusifiwa mtaani, aliniita nimwandikie barua. Alitaka iandikwe kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ya kambini, na mumewe akishindwa kuisoma angesomewa na mwenzake. Akanieleza maneno yake: paa linavuja, mtoto mdogo alikuwa na homa, na pesa za mwezi uliopita hazijafika. Nikaandika ukurasa mzima kwa madaha. Nilipomaliza aliniambia, ‘Haya, mwanangu, nisomee.’

Nikaanza kusoma kwa sauti. Mume mpenzi, natumaini hujambo, sisi huku sote hatujambo, pesa tumepata na tunashukuru sana.

Akanishika mkono. ‘Pesa gani hizo, mwanangu?’

Sikuwa na jibu. Shuleni tulikuwa tumefundishwa mfano mmoja wa barua, ulioandikwa ubaoni, nao ulikuwa na salamu, habari za afya njema na shukrani kwa pesa zilizotumwa. Nami nilikuwa nimeumwaga wote kama ulivyo. Hapakuwa na kosa hata moja la herufi, na mwalimu wangu angeipa alama ya vema. Lakini barua ile ingalitumwa, yule askari angalitulia akidhani kwamba watu wake wana chakula, na mkewe angalikaa na watoto wakingoja pesa zisizokuja.

Ndugu wasikilizaji, mama yule hakuweza kuuona mwandiko wangu mzuri, na kwa hiyo haukumdanganya. Alichokuwa nacho ni sikio tu, na sikio hilo lilitaka kujua jambo moja: je, yaliyomo ndiyo niliyoyasema? Swali hilo mzazi yeyote anaweza kuliuliza, awe mvuvi, awe muuza mkaa, awe mkulima wa ndizi. Tena anaweza kuliuliza kwa lugha yoyote ya nyumbani kwake, kwani mtoto anayejua kupanga habari yake kwa Kiganda, kwa Kilugbara au kwa Kiswahili, atakapojifunza maneno ya Kiingereza atakuwa na kitu cha kuyavisha. Asiyejua kupanga habari kwa lugha ya mama yake, Kiingereza hakitampangia.

Kazi yenyewe haitaki meza wala saa maalumu. Mama akimenya matoke jioni, na amwite mtoto amsimulie jambo lililotokea siku hiyo: mbuzi aliyeingia darasani, ugomvi wa kisimani, mvua iliyowakuta njiani. Na amuulize maswali kama mtu asiyekuwapo. Nani alianza? Ulikuwa umesimama wapi? Halafu ikawaje? Mtoto akisema ‘watu walifurahi sana’, aulizwe alijuaje kwamba walifurahi. Hapo atakumbuka kwamba mzee mmoja alitupa kofia juu, na kofia hiyo ndiyo insha. Baada ya kusimulia, na aandike, mistari 5 au 6 tu, kabla giza halijaingia. Kisha asome kwa sauti, na mama asikilize bila kumkatiza mpaka mwisho. Pale ambapo hakuelewa, amwambie, ‘Hapa umeniacha njiani.’ Mtoto mwenyewe atatafuta neno lililopungua. Mara nyingi hata haihitajiki kumwambia, kwani ulimi wake unapojikwaa hujua kwamba pana kitu kimekosekana.

Sikio hilo husaidia hata katika tahajia. Katika Kiganda, ‘okuta’ ni kuachilia, na ‘okutta’, kwa herufi t mbili, ni kuua. Mtoto aliyeandika kwamba baba yake ‘alimwachilia’ jogoo ilhali jogoo yumo chunguni, akisoma kama alivyoandika atachekwa na nyumba nzima, na kosa hilo hatalirudia. Lakini tuseme kweli, sikio lina mipaka yake. Wengi wetu tuliolelewa katika Kiganda hatutofautishi l na r katika Kiswahili, na mtoto huandika kwamba wazazi wamekwenda kupiga ‘kula’, nasi tukasikiliza na kuridhika. Katika makosa ya namna hiyo ni lazima atafutwe dada, kaka au jirani aliyesoma, walau mara moja kwa juma. Si aibu kuomba. Sisi huombana chumvi.

Penye wino mwekundu ningependa kukaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo wazazi waliosoma hukosea kuliko wale wasiosoma. Baba karani hurudi kutoka kazini, huchukua kalamu na kupiga mistari makosa 20 katika ukurasa mmoja, kisha humwambia mtoto aandike upya. Mtoto hunakili masahihisho hayo kama anayenakili nambari ya gari. Kesho yake huandika insha fupi zaidi, kwa maneno machache anayoyajua kwa hakika, kwa maana amegundua kwamba asiyeandika hakosei. Ni heri kuchagua kosa moja kwa juma. Juma hili nukta mwishoni mwa sentensi, juma lijalo herufi kubwa katika majina ya watu na miji. Mengine yote yaachwe yapite, hata kama yanamwasha baba machoni. Na kiboko kisikaribie daftari kabisa. Mkono unaotetemeka hauwezi kushika mstari.

Kuhusu mwandiko wenyewe sina mengi. Mtoto akae mahali ambapo miguu yake inagusa chini na mkono wake una pa kuegemea. Sanduku lililogeuzwa latosha. Penseli ishikwe kwa vidole vitatu, bila kukabwa. Penseli ikiadimika, herufi zichorwe mchangani kwa kidole, kwani umbo la herufi ni lile lile. Mtoto anayetumia mkono wa kushoto asilazimishwe wa kulia. Ageuziwe tu daftari kidogo, pembe yake ya juu ya kushoto ipande, apate kuona anachokiandika.

Wako wanaolaumu simu za mkononi kwamba zimewaharibu watoto kwa maneno yaliyokatwa mikia. Mimi simo katika lawama hizo. Mtoto akipewa kazi ya kumwandikia mjomba wake ujumbe kwamba mazishi yatakuwa Jumamosi saa 8 mchana, na akaambiwa ayaandike maneno yote kwa ukamilifu, amepata msomaji wa kweli ambaye asipoelewa atapitwa na mazishi. Daftari la kuandikia mkaa uliouzwa na waliokopa ni zuri vilevile. Mdeni mmoja akibishana nalo, mtoto ataelewa mara moja kwa nini tarehe huandikwa.

Barua ya jirani yetu niliiandika mara tatu ndipo akaridhika. Ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza, na ndani yake mlikuwa na paa, homa na pesa. Aliikunja, akampa dereva wa lori aliyekuwa akielekea Gulu. Majuma kadhaa baadaye lilikuja jibu, nami nikaitwa nilisome.