Makovu ya Mapafu Baada ya TB: Seli Zinavyopashana Habari, na Yanayotuhusu Kasulu na Kibondo



Kila anayehudumu kliniki ya TB huku kwetu amekwisha kumpokea mgonjwa huyu: amemeza dawa miezi 6, makohozi hayana vimelea, kadi inasema amepona, lakini akipanda mlima na ndoo ya maji kutoka bondeni husimama njiani akitweta. Mada yangu inamhusu yeye. Dawa zetu huua bakteria, haziondoi kovu. Na kovu hilo huanza kujengeka mgonjwa akiwa bado nyumbani, anakohoa na kununua dawa za kifua dukani.

Kati ya kifuko cha hewa na mishipa midogo ya damu pana ukuta mwembamba mno. Humo hukaa fibroblasti, seli zinazotengeneza nyuzi za kolajeni. Bakteria wa TB wakiingia, makrofaji, ambazo ni seli za kinga, huwameza na kutoa protini za kuziita seli nyingine. Mojawapo, TGF-beta, huiamuru fibroblasti igeuke miofibroblasti, seli yenye uwezo wa kujikaza kama msuli, ambayo Giulio Gabbiani na wenzake waliieleza mwaka 1971 wakichunguza vidonda vinavyopona. Miofibroblasti humwaga kolajeni na kuivuta tishu. Jeraha likifunga, seli hizo hufa na kazi inakwisha.

Balaa ni pale zisipokufa. Sehemu kubwa ya TGF-beta huwa imehifadhiwa kwenye tishu, imefungwa ndani ya protini nyingine. Tishu ikishakuwa ngumu, miofibroblasti zikijikaza huifungua. Ikifunguka huamsha fibroblasti nyingine, nazo huongeza kolajeni na ugumu. Kovu lenyewe, basi, ndilo linaloagiza kovu zaidi, hata bakteria wakiwa wamekwisha kufa. Moshi wa kuni nao huzidi kuzijeruhi seli za utando wa hewa, na jiko la mafiga tunalo vijijini, tunalo na katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Dawa za kupunguza kasi ya makovu zipo. Pirfenidone na nintedanib ziliidhinishwa Marekani mwaka 2014, lakini kwa ugonjwa mwingine wa makovu ya mapafu, usio na chanzo kinachojulikana. Nazo haziliondoi kovu lililokwisha kuwapo. Kwetu, kinga kubwa ni kumgundua mgonjwa mapema.

Hapa nasisitiza jambo la kliniki. Mgonjwa aliyemaliza dawa akirudi anakohoa, tusikimbilie kumwanzishia dawa za TB upya. Kipimo cha GeneXpert husoma vinasaba, na vinasaba vya bakteria waliokufa vinaweza kuonekana muda mrefu baada ya tiba. Makohozi yaoteshwe maabara kwanza, picha ya kifua ilinganishwe na ya zamani.

Tanzania ndiko daktari Karel Styblo alikojengea, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, mfumo wa rejista za TB za wilaya ulioigwa duniani kote. Rejista hiyo imetufundisha kuhesabu waliomaliza dawa. Pumzi zao hatuzihesabu.

Naomba waratibu wa TB wa wilaya zetu mbili tukubaliane leo: anayemaliza dawa apimwe oksijeni kidoleni akiwa amekaa, atembee dakika 6, apimwe tena, na majibu yote mawili yaandikwe kwenye kadi yake kabla hajaruhusiwa kwenda.