Maji Kujaa, Maji Kupwa



Tumeombwa tuseme machache juu ya uchumi wa nchi, kwa nini leo hupanda na kesho hushuka. Elimu yetu si kubwa, lakini watu wa reli huliona jambo hili mapema. Biashara ikiwa njema, mabehewa hujaa kwenda Mombasa, yakarudi bara yamejaa. Ikianguka, husimama njia ya pembeni, majani yakaota chini yake.

Tutazame yaliyopita. Mwezi wa Julai 1975 jalidi iliunguza mibuni huko Brazil. Kahawa ikawa haba duniani, na bei ikapanda sana mwaka 1976 na 1977. Mkulima wa Nyeri, ambaye hakupata kuiona Brazil, akapata fedha nyingi. Watu wakadhani ndivyo itakavyokuwa siku zote. Lakini mibuni ya Brazil ilichipuka tena, bei ikashuka, na mwaka 1979 mafuta ya petroli yakawa ghali. Waliokopa siku za neema wakalipa siku za dhiki.

Tena mwaka 2007 uchumi wa Kenya ulikua kwa karibu asilimia 7. Mwaka 2008 zikaja fujo baada ya uchaguzi, hata reli ziking'olewa Kibera, na ukuaji ukaanguka chini ya asilimia 2. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona uliurudisha uchumi nyuma. Mwaka 2021 ukapanda kwa zaidi ya asilimia 7.

Basi maji hujaa na kupwa. Lakini mvuvi ajua saa ya maji kupwa. Uchumi hauna saa. Jalidi, vita, ukame au ugonjwa waweza kuja wakati wowote.

Sasa tuangalie mfanya kazi. Bei ya unga hupanda kila wiki, mshahara hungoja mapatano mapya. Mwaka 1993 bei zilipanda kwa karibu asilimia 46. Maana yake, aliyebaki na shilingi 100 zile zile alinunua vitu vya shilingi 68 tu za mwaka uliotangulia. Neema hutufikia mwisho, dhiki hutufikia kwanza.

Kwa hiyo ndugu, tufanye mambo matatu.

La kwanza, tudai nyongeza wakati mabehewa yamejaa. Mwajiri mwenye mabehewa matupu hakosi sababu ya kukataa.

La pili, mapatano yetu yataje wazi kwamba bei zikipanda, mshahara utazamwe upya. Na kama watu watapunguzwa, tuijue haki yetu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yataka chama kiarifiwe mwezi mmoja kabla, na kila anayeachishwa alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Hicho ni kiwango cha chini. Chama chaweza kudai zaidi.

La tatu, tuweke akiba katika chama cha akiba na mikopo, hata kama ni kidogo. Akiba haiozi.

Hatuwezi kuizuia jalidi ya Brazil. Twaweza kuhakikisha kwamba siku maji yakipwa, hakuna mwenzetu atakayeachwa mchangani peke yake.