Msogeo, Mpanguko na Mtengano: Istilahi za Kiswahili kwa Mageuzi ya Oksidi za Metali Mchanganyiko katika Joto Kali

Utangulizi

Kitenzi "badilika" kimetwishwa mzigo mkubwa mno katika Kiswahili cha sayansi. Barafu ikiyeyuka, husemwa imebadilika; chuma kikishika kutu, kimebadilika; na oksidi ikipashwa joto tanurini, ikabaki yabisi ilhali mpangilio wake wa ndani umekuwa mwingine, nayo husemwa imebadilika. Matukio mawili ya kwanza huonekana kwa macho. La tatu halionekani, na kwa hiyo mwanafunzi hulitegemea neno pekee. Mhadhara huu unadai kwamba Kiswahili kina nyenzo za kulitaja tukio hilo kwa usahihi, na kwamba nyenzo hizo zimo katika mnyambuliko wa vitenzi vyake.

Aina tatu za mageuzi

Bariamu titaneti ni oksidi yenye metali mbili, bariamu na titani. Katika joto linalozidi nyuzi 120 za Selsiasi, fuwele yake ni ya mchemraba, na kila ioni ya titani imekaa katikati ya ioni sita za oksijeni. Joto likishuka chini ya hapo, ioni ya titani husogea kidogo kutoka katikati, na mchemraba hurefuka upande mmoja. Hakuna kifungo kinachokatika. Hata hivyo, ni msogeo huo unaoipa fuwele ncha za umeme zinazoweza kugeuzwa.

Fuwele hiyo hiyo ikipashwa hadi kuzidi nyuzi 1,400, hupata umbo la pembe sita. Hapa vifungo hukatika na kufungwa upya: baadhi ya maumbo ya titani na oksijeni, ambayo awali yaligusana kwa pembe tu, sasa hushikana kwa nyuso. Fomula ya kikemia haikubadilika hata kidogo, lakini jengo ni jingine. Mtaalamu wa fuwele wa Marekani, Martin Buerger, aliitofautisha mikondo hii miwili katika uchambuzi wake wa mwaka 1951.

Upo mkondo wa tatu. Aluminiamu titaneti, ikikaa kwa muda mrefu katika joto lililo chini kidogo ya nyuzi 1,280, huvunjika ikawa oksidi mbili: ya alumini na ya titani. Metali zilizokuwa katika fuwele moja huachana.

Nyenzo za lugha

Kwa mkondo wa kwanza, kitenzi "sogea" chatosha, na nomino yake ni "msogeo". Kwa wa tatu, "tenga" katika kauli ya kutendana huzaa "mtengano". Mkondo wa pili ndio wenye utata. Hapa panapendekezwa "mpanguko", kutokana na "panguka", kwa kufuata kanuni iliyozaa "mlipuko" kutoka "lipuka" na "mpasuko" kutoka "pasuka".

Mhakiki aweza kupinga kwamba "pangua" ni kinyume cha "panga", na kwamba fuwele ya pembe sita haikosi mpangilio. Pingamizi hilo lina uzito, lakini matumizi yanalijibu. Magazeti yanapoandika kwamba Rais amepangua baraza la mawaziri, hakuna msomaji anayeelewa kwamba nchi imebaki bila baraza. Huelewa kwamba nafasi zimevunjwa na kupangwa tena, mara nyingi kwa watu wale wale. Hilo ndilo linalotokea katika fuwele: ioni zile zile, nafasi nyingine.

Uzito wa tofauti

Tofauti hizi si za kamusi tu. Zirkonia safi, oksidi ya zirkoni, ikipoa kutoka joto linalozidi nyuzi 1,170, hupitia msogeo unaoivimbisha kwa asilimia 4 hadi 5, na kipande kizima hupasuka. Kwa kuwa ni msogeo, kuipoza haraka hakusaidii: ioni hazihitaji muda wa kusafiri. Dawa yake ni kuichanganya na itria, oksidi ya metali nyingine, ili umbo la joto kali lidumu. Mchanganyiko huo ndio unaopakwa kwenye mapanga ya injini za ndege ili kuyakinga na joto. Mambo ni kinyume kwa mpanguko na mtengano. Hiyo miwili huhitaji muda, na kupoza haraka huweza kuizuia. Fundi aliyeambiwa tu kwamba oksidi "hubadilika" hana njia ya kujua afanye lipi.

Hitimisho

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na hivyo ikaonyesha kwamba istilahi za sayansi zaweza kukusanywa na kusanifishwa. Kazi iliyobaki ni ya kupambanua dhana zilizofunikwa na neno moja. Kukopa "oksidi" na "ioni" hakukuidhuru lugha, kwani vitu hivyo vilikuja na majina yake. Vitendo ni suala jingine. Kusogea, kupanguka na kutengana ni mambo ambayo Kiswahili kiliyapambanua zamani, na mwanasayansi atakayeyatumia kwa nidhamu hatakuwa ameipamba kemia, bali atakuwa ameifanya ieleweke.