Kutazama Kabla ya Kuhukumu: Hotuba ya Mahafali

 Maneno yangu leo, kwa idhini ya walimu na wazazi waliopo, yanawaelekea wahitimu hawa, ambao punde wataingia madarasani na vyeti vya saikolojia mkononi.

Katika miaka yangu ya ukaguzi wa shule nimefunua madaftari mengi ambamo, mbele ya jina la mtoto wa darasa la kwanza, pameandikwa kwa wino mwekundu "mzito", pasina sababu wala tarehe, na aghalabu mwandishi hakupata kuketi na mtoto yule hata robo saa. Hilo ndilo linalonikera katika kazi yetu, kwani waasisi wa elimu hii walikuwa watu wa kutazama.

Jean Piaget, alipokuwa kijana mjini Paris, alipewa kazi ya kuwapima watoto wa shule. Badala ya kuridhika na kuhesabu majibu sahihi, alishughulishwa na yale yaliyokosewa, akaona kwamba ndani ya kosa mna fikira. Mmiminie mtoto wa miaka mitano maji kutoka kikombe kipana hadi bilauri nyembamba, mbele ya macho yake, naye aghalabu atashikilia kwamba maji yamezidi. Huyo ametazama kimo, ila hajaweza bado kukiwaza pamoja na upana.

Na Mary Ainsworth, aliyefika Uganda mwaka 1954, hakuwaita kina mama ofisini. Alikwenda mwenyewe na mkalimani katika vijiji vya karibu na Kampala, kwa familia 26, akirudi kila baada ya wiki mbili, akiketi saa mbili sebuleni, kwa muda uliofika hata miezi tisa, akiangalia mtoto humlilia nani anapotoka chumbani, na humtambalia nani anaporudi. Kitabu chake kuhusu utafiti huo kilitoka mwaka 1967. Hiyo ndiyo subira ninayowatakia!

Mtaniambia madarasa yamefurika. Sikatai, nimewaambia wakubwa, na nitazidi kuwaambia. Hata hivyo, kila juma mchague mtoto mmoja, yule mnayekaribia kumkatia tamaa, mmwulize jibu lake amelipataje, mkaliandike kwa maneno yake mwenyewe. Nanyi wazazi, mkiambiwa kwamba mwanenu haelewi, mwulizeni mwalimu, kwa adabu, aliketi naye lini.