Nusu Daimu ya Mwaka 1792

Marekani ilipojipatia uhuru haikuwa na sarafu yake. Sokoni watu walitumia dola za Kihispania na sarafu nyinginezo za kigeni. Ndipo tarehe 2 Aprili 1792 Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha kiwanda cha kupiga sarafu mjini Philadelphia.

Kabla kiwanda hakijawa tayari, mwezi Julai ikapigwa sarafu ndogo ya madini ya fedha, yenye thamani ya senti 5, ikaitwa nusu daimu. Upande mmoja una sura ya mwanamke, ishara ya uhuru; upande wa pili una tai arukaye.

Imesimuliwa miaka mingi kwamba Rais George Washington alitoa vyombo vyake vya mezani viyeyushwe. Hadithi ni tamu, ila daftari la Thomas Jefferson, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, lasema vingine: tarehe 11 Julai alipeleka dola 75, na siku mbili baadaye akapokea nusu daimu 1,500. Hesabu hiyo yalingana barabara.

Wakusanyaji wamebishana: je, zilikuwa za majaribio tu, au fedha halali? Mwezi Novemba Washington aliliarifu Bunge kwamba upigaji wa nusu daimu umeanza. Tena nyingi kati ya zile mia chache zilizosalia zimechakaa, maana zilipita mikononi mwa wanunuzi na wauzaji. Kwa hiyo mkusanyaji mwenye busara haisugui sarafu yake ing'ae. Uchakavu huo ndio ushahidi wake.