Anapodai Talaka Aliyekhini: Je, Tumkatalie?

(Nasaha iliyotolewa msikitini baada ya swala ya Isha)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, usiku huu tumekusudia kuzungumza jambo ambalo barazani husemwa kwa kicheko, na aliyefikwa nalo hulilia peke yake. Nalo ni hili: mke amemkhini mumewe, kisha yeye huyo huyo aliyekhini ndiye anayesimama kudai talaka. Je, mume amkatalie?

Alitujia baba mmoja hapa msikitini. Mkewe alikuwa amedai talaka, na yeye baba alikuwa ameuona ujumbe wa mwanamume mwingine katika simu ya mkewe. Alipomwuliza, mke hakukana kuandikiana naye. Yule baba akatuambia: "Maalim, simpi. Nimfungulie mlango aende kwa bwana wake? Atakaa hivyo hivyo, si mke wala si mtalaka, mpaka aote mvi."

Nasi, Allah atusamehe, tulimjibu: "Talaka i mkononi mwako." Jibu letu lilikuwa na ukweli nusu, na nusu ya elimu katika mambo ya ndoa huweza kudhuru kuliko ujinga mtupu. Alilichukua neno letu akalifanya fimbo. Akahama chumba, akakata matumizi, na ule ujumbe akauonyesha kwa ndugu zake, na ndugu wakawaonyesha majirani. Mtoto wao anasoma katika madrasa yetu, yuko Juzuu Amma. Asubuhi moja mwenzake alimtamkia neno juu ya mama yake mbele ya darasa zima. Mtoto akaufunga msahafu, na wiki nzima hakusoma hata aya moja. Hapo ndipo tulipovirudia vitabu, na haya ndiyo tuliyopaswa kumwambia tangu usiku ule wa kwanza.

Jambo la kwanza: tuhuma ina mizani yake

Suratun-Nur, kuanzia aya ya 4, imeweka mpaka usiorukwa. Mwenye kumsingizia mwanamke aliyehifadhika kuwa amezini, asilete mashahidi wanne, hukumu yake ni viboko 80 na ushahidi wake haukubaliwi. Ujumbe wa simu ni dalili ya maovu, na huenda ukawa dalili nzito, lakini si mashahidi wanne. Unathibitisha kwamba watu wawili wameandikiana, na hapo ndipo unapokomea.

Kwa mume asiye na shahidi ila nafsi yake, sheria imefungua mlango wa liani, kama ilivyokuwa katika kisa cha Hilal bin Umayya (r.a.). Huapa mara nne kuwa anasema kweli, na mara ya tano hujiombea laana ikiwa ni mwongo. Kisha mke naye ana viapo vyake vya kujitetea. Lakini zingatieni ndugu zetu: liani ikishapita, ndoa hukatika, na kwa kauli ya wanazuoni wengi hawarudiani tena milele. Basi anayesema, "Nitamshitaki kwa zinaa na wala simwachi," anataka mambo mawili yasiyokaa pamoja. Ama alete tuhuma yake mbele ya kadhi na akubali matokeo yake, ama ainyamazie. Njia ya tatu, ya kuieneza mitaani, hiyo ni dhambi juu ya jeraha.

Jambo la pili: kukataa kuna namna tatu

Kuna anayekataa kwa kutaka suluhu. Moyo wake bado unampenda mkewe, anataraji atatubu, na ana watoto anaowahurumia. Huyu ana haki ya kuomba muda, na hakuna wa kumlaumu.

Kuna anayekataa mpaka haki zake zitimie: mahari aliyoitoa, mali yake, na malezi ya wanawe. Huyu pia yuko ndani ya sheria.

Na kuna anayekataa ili aadhibu. Huyu ndiye aliyekatazwa. Aya ya 231 ya Suratul-Baqara inawakanya waume wasiwashike wake kwa kuwadhuru, na aya ya 129 ya Suratun-Nisaa inakataza mke kuachwa kama kitu kilichotundikwa. Wala makanyo haya hayakufanywa fungu la wake wema peke yao. Kosa la mke lina hukumu yake, na dhuluma ya mume ina hukumu yake. Hili halifuti lile.

Tumkumbuke Mughith (r.a.), aliyekuwa akimfuata Barira (r.a.) katika njia za Madina huku machozi yakimtiririka ndevuni. Barira alipoachwa huru alipewa hiari akachagua kuachana naye. Mtume (s.a.w.) alimwombea Mughith, naye Barira akauliza kama hiyo ni amri. Alipojibiwa kuwa ni maombezi tu, akasema hana haja naye, na Mtume (s.a.w.) hakumlazimisha. Mapenzi ya mume aliyelia vile hayakuwa kamba ya kumfunga mke.

Jambo la tatu: silaha halali ya mume ni mahari

Mke anayetaka kutoka, naye mume hakumkosea, mlango wake ni khului. Mke wa Thabit bin Qays (r.a.) alipomchukia mumewe, bila ya kumtia ila katika dini wala tabia, Mtume (s.a.w.) alimwuliza kama atarudisha shamba alilopewa mahari. Akakubali, na Thabit akaamrishwa alipokee na amwache.

Aya ya 19 ya Suratun-Nisaa inawakataza waume kuwabana wake ili warudishiwe walichotoa, kisha ikavua hali moja: mke anapofanya uchafu ulio wazi. Basi mume aliyekhiniwa hakuachwa mikono mitupu. Ana haki ya kudai mahari yake. Zaidi ya hapo wanazuoni wengi wameruhusu kwa maridhiano, na wengine wamechukia. Kwetu sisi, kuishia kwenye mahari ndiko kunakoufanya moyo upoe.

Jambo la nne: njia ya kupitia

Suratun-Nisaa aya ya 35 imetuamrisha hakamu wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Wakishindwa, kuna vyombo. Zanzibar na Kenya kuna mahakama za kadhi. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kwa kawaida shauri lipite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na ndoa haihesabiki kuvunjika machoni mwa dola mpaka mahakama itamke. Kifungu cha 107 kinaielekeza mahakama ikatae ombi lililojengwa juu ya makosa ya mwombaji mwenyewe peke yake, ila iwepo sababu maalumu. Mume anaweza kuitumia hoja hiyo. Lakini ajiulize kabla ya kuingia: akishinda shauri, anarudi nyumbani na nini?

Jambo la tano: mume anapokuwa ndiye mkosa

Tusiseme haya kwa upande mmoja. Ni wangapi miongoni mwetu wamekhini, kisha wakatupa talaka kama mtu anayetupa ganda la muwa? Mke hana uwezo wa kuizuia talaka ya mumewe, lakini ana cha kupinga: kuachwa bila ya haki. Mahari iliyobaki ni deni. Matumizi ya eda ya talaka rejea ni wajibu, na ya watoto hayana eda. Mama adai, na imamu asimame naye.

Ndugu zetu, yule baba tulimwita tena, tukamwambia wazi kwamba tulimkosea. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza: "Kwa hiyo yeye ameshinda?" Tukamjibu kwamba aliyekhini anaondoka na hesabu yake mbele ya Mola wake, na wewe usiondoke na yako. Hakamu wakakutana mara tatu. Mke akarudisha mahari, mume akatamka talaka moja mbele ya mashahidi, kisha shauri likapelekwa barazani na mahakamani kwa utaratibu wake. Simu aliufuta ujumbe ule mbele yetu, na ndugu zake akawakataza kuutaja.

Mtoto wake siku hizi anasoma. Amefika Suratun-Naba'i, na babake humleta mwenyewe kila asubuhi.

Tunamwomba Allah (s.w.t.) azisitiri aibu zetu, azitengeneze nyumba zetu, na atujaalie tunaposhika tushike kwa wema na tunapoachana tuachane kwa ihsani. Wallahu a'lam.