Tusiwazuie Watoto kwa Maneno Yetu



Injili ya Dominika ya 27 ya Mwaka B yatuonyesha wanafunzi wakiwazuia watoto wasimfikie Bwana, naye akachukizwa. Sisi hatusimami mlangoni na fimbo. Twawazuia kwa maneno. Twamwambia binti, "Shule ni ya kaka yako." Twamwambia mvulana anayeumia, "Mwanamume halii." Twamsifu mtoto mchanga kwa weupe wake, na ndugu yake twamtania kuwa mweusi kama masizi. Sisi twacheka na kusahau, mtoto hasahau.

Katika miaka ya 1940, huko Marekani, wanasaikolojia Kenneth Clark na mkewe Mamie waliwaonyesha watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere weupe na wa kahawia. Wengi wao walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Walipoulizwa ni yupi anayefanana nao, baadhi yao walilia. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya nchi ile iliutaja utafiti huo ilipobatilisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Watoto wale hawakuzaliwa wakiidharau ngozi yao. Walifundishwa.

Mungu hakunyamaza juu ya mambo haya. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 12, Miriamu anamsema Musa kwa sababu ya mkewe Mkushi, mwanamke wa nchi iliyo kusini mwa Misri. Naye Miriamu anapigwa ukoma, ngozi yake ikawa nyeupe. Katika sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi wanadai urithi wa marehemu baba yao, na Mungu anaamua kwamba dai lao ni la haki. Basi, ni nani sisi tumnyime binti kile ambacho Mungu amempa?

Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza wa watoto wao. Samaki mkunje angali mbichi. Juma hili tuyachunguze maneno ya nyumbani mwetu. Kaka na dada waoshe vyombo pamoja, na washike daftari pamoja. Utani wa rangi ukianza, mzazi aukomeshe papo hapo, hata kama msemaji ni mgeni wa heshima.

Kila mtoto ni sura ya Mungu. Tumwambie hivyo, asikie kwetu kwanza. Amina.